Kuchagua na Kutunza Mbegu za Mboga za Kienyeji Katika Bustani ya Nyumbani

Mazungumzo kwa vikundi vya wakulima wa Kiminini



Mtu akisimama sokoni Kiminini asubuhi ya siku ya soko atasikia mboga moja ikiitwa kwa majina sita. Mbukusu anaomba namasaka, Mmaragoli anataka lisutsa, Mjaluo anauliza osuga, Mkisii rinagu, Mkalenjin isochot. Muuzaji naye anajibu kwa jina ambalo siku hizi limewashinda wote: managu. Hata saga ni hivyo hivyo. Ni chisaka, tsisaga, dek, chinsaga, isagek au thageti, kutegemea nani ameshika kikapu.

Majina hayo mengi si mapambo. Sehemu kubwa ya Trans Nzoia ilikuwa mashamba ya walowezi, na baada ya mpango wa makazi ulioanza mwaka wa 1962 watu walihamia kutoka Bungoma, Kakamega, Vihiga, Kisii, Elgeyo, Nandi, Kati na kwingineko. Wengi walikuja na vitu vichache. Miongoni mwake ilikuwa mbegu: kifundo cha kitambaa, kibuyu kidogo, chupa ya dawa iliyokwisha dawa. Kwa hiyo katika wadi za Kiminini, Waitaluk, Sirende, Hospital, Sikhendu na Nabiswa kuna aina za mboga zilizotoka sehemu nyingi za magharibi na Bonde la Ufa, na zimekaa kwenye udongo huu zaidi ya miaka 50. Ni utajiri ambao kaunti nyingi hazina.

Lakini utajiri huo hauna ghala. Uko kwenye mipaka ya mashamba, nyuma ya jikoni na juu ya dari penye moshi. Na mara nyingi uko kwa mtu mmoja tu mwenye umri mkubwa. Anapofariki, watoto husafisha nyumba, kile kitambaa kikatupwa pamoja na matambara mengine.

Jambo la mazungumzo haya ni moja. Mboga ya kienyeji haipotei tu kwa sababu watu wameacha kuila. Inapotea pia mikononi mwa watu wanaoipenda na kuila kila wiki, kwa sababu ya mmea wanaouacha utoe mbegu. Hapo ndipo penye kazi, na ni kazi isiyo na gharama.

Chukua saga. Mama anapanda vitanda viwili. Baada ya wiki tano anaanza kuchuma. Anachuma wapi? Kwenye mimea iliyonawiri, yenye majani mapana na matawi mengi, kwa sababu ndiyo inayojaza sufuria haraka. Anaichuma wiki hii na wiki ijayo mpaka ichoke, kisha anaing'oa. Kando ya kitanda kuna mimea michache dhaifu iliyotoa maua mapema, na mama haisumbui kwa vile haina majani ya maana. Hiyo ndiyo inayokauka na maganda yake, na hiyo ndiyo anayovuna mbegu. Mwaka unaofuata bustani yake imejaa watoto wa mimea iliyoharakisha kutoa maua. Akirudia hivyo kwa miaka kumi, analalamika kwamba saga ya siku hizi inazeeka kabla ya kuliwa, na kwamba ile ya mama yake ilichumwa miezi mitatu. Anachosema ni kweli. Ila hakuna aliyemwibia saga ya mama yake. Imebadilishwa taratibu, mwaka baada ya mwaka, kwa kuachwa mmea usiofaa.

Dawa yake ni kugeuza utaratibu huo. Kitanda kikiwa na wiki tatu au nne, kabla ya chumo la kwanza, mwenye bustani apite akitazama mmea mmoja mmoja. Iliyo bora aifunge utepe, uzi wa gunia au kitambaa chekundu, na amwambie kila mtu nyumbani kwamba yenye utepe haichumwi hata kama kumekuja mgeni. Wengine hutenga kona moja ya kitanda kabisa kwa ajili ya mbegu, na hiyo ni rahisi zaidi pale penye watoto wanaotumwa kuchuma jioni. Mmea unaotoa maua kabla ya wenzake ung'olewe mara moja uliwe, usiachiwe hata ganda moja.

Watu wengine watauliza kwa nini kusumbuka hivi wakati mbegu inauzwa kwenye pakiti. Swali hilo lina haki yake, hasa katika kaunti hii. Kitale ndio mji wa Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka wa 1956 kuzalisha mbegu za nyasi za malisho. Kituo cha utafiti cha Kitale ndicho kilichotoa mahindi ya Hybrid 611 mwaka wa 1964, na mahindi hayo yalibadilisha maisha ya wakulima wadogo wa magharibi. Hakuna mkulima wa Kiminini asiyejua kwamba mbegu ya mahindi chotara haifai kurudishwa shambani. Vizazi vya pili hutoka vimechanganyika, vingine virefu na vingine vifupi, na mavuno hushuka. Watu wamelishika somo hilo hadi wakalipeleka mahali pasipohusika, wakadhani kila mbegu iliyovunwa nyumbani ni duni.

Managu, saga, miro, mrenda na kunde zilizorithiwa si chotara. Mtoto hufanana na mzazi, mradi mzazi amechaguliwa vizuri. Isitoshe, hata ile Hybrid 611 ilitokana na mbegu za wakulima. Mzazi wake mmoja ulitokana na mahindi yaliyokuwa yakilimwa humu nchini. Mwingine ulikuwa mahindi ya kienyeji kutoka Ecuador, huko Amerika ya Kusini, na watafiti waliyapa jina la Ecuador 573. Kama wakulima wa Ecuador wangetupa mbegu za wazee wao, historia ya mahindi ya Kitale ingekuwa nyingine.

Pakiti za dukani zina nafasi yake pia. Anayelima managu robo ekari kupeleka Kitale au Eldoret anahitaji mbegu nyingi zinazoota kwa pamoja, na aina ya majani mapana iliyoboreshwa humpa hizo. Kwa bustani ya nyumbani mambo ni mengine. Hapo kinachotafutwa ni ladha inayojulikana, chumo la muda mrefu, na mmea unaovumilia baridi ya Julai bila kumwagiwa dawa.

Basi namna ya kuchagua.

Managu si mmea mmoja. Wale wenye majani makubwa kama kiganja na matunda mazito ya zambarau yanayokaribia weusi, wanasayansi huwaita Solanum scabrum. Hao ndio wanaojaza pakiti na soko. Shina ni nene, uchungu ni mdogo, chumo ni kubwa. Kuna wengine wafupi wenye majani madogo na matunda yanayoiva rangi ya chungwa, Solanum villosum, na hao ni wachungu zaidi. Kuna pia wale wadogo wa porini wenye vitunda vidogo vyeusi, wanaojiotea kwenye mahindi baada ya palizi. Vijana wengi waliozoea managu ya sokoni hukunja uso wakionjeshwa ya matunda ya chungwa, lakini kwa wazee ndiyo managu yenyewe. Nyumba yenye nafasi iwe nazo zote mbili: majani mapana kwa sufuria ya kila siku, ya matunda ya chungwa kwa anayejua anachokitaka. Zisichanganywe chupa moja. Na matunda mabichi ya kijani yana sumu, hayaliwi. Watoto wafundishwe hilo mapema kwa sababu wanapenda kuchezea vitunda vyake.

Saga iko ya shina la kijani na ya shina la zambarau. Ubishi wa ipi bora hauishi. Rangi ina faida moja iliyo wazi: mwenye shina la zambarau akiona katika kitanda chake miche ya kijani, anajua kuna mbegu ngeni imeingia na anaweza kuing'oa. Lakini la kutazama kwanza ni muda ambao mmea unakaa bila maua, kisha idadi ya matawi. Saga yenye samadi ya kutosha huchelewa kutoa maua. Iliyo kwenye udongo uliochoka au iliyokosa maji huharakisha, hata kama ni ya ukoo mzuri. Kwa hiyo mtu asihukumu aina aliyopewa na jirani kabla hajaipanda penye mbolea. Kwa wanaopenda udadisi, utafiti uliofanywa hapa Kenya ulionyesha kwamba saga ikipandwa kati ya maua ya waridi hupunguza buibui wekundu. Harufu ile ambayo watoto huilalamikia jikoni ina kazi yake shambani.

Miro, ambayo Wajaluo huiita mitoo, ina ndugu wawili, na hapa ndipo watu wengi hukosea wanapoomba mbegu. Mmoja ni mchungu, majani yake yana weusi wa kibuluu kidogo na maganda yake ni membamba. Mwingine hana uchungu mwingi, majani ni kijani kilichochangamka na maganda yamevimba. Mbegu zikishakuwa kwenye chupa ni vigumu kuwatofautisha. Anayeomba aombe aonyeshwe ganda, si mbegu peke yake. Miro ni jamii ya maharagwe na huongeza naitrojeni kwenye udongo, na mizizi yake hupunguza minyoo fundo inayoharibu nyanya na managu. Huko Peramiho, kusini mwa Tanzania, ndugu yule asiye mchungu anajulikana kama marejea na alienezwa kwa ajili ya kurutubisha mashamba. Kwa hiyo kitanda kilichochoka kwa managu kipandwe miro msimu mmoja. Mwenye bustani atakula, na udongo utapona.

Mrenda, au murere, hupenda joto. Katika Kiminini hukua polepole kuliko Busia au Kisumu, na anayeupanda kabla udongo haujapata joto atangoja sana. Upandwe mahali pasipo kivuli cha mgomba. Kunde za kienyeji zichaguliwe zile zinazotambaa na kuchelewa kutoa maua, kwa sababu zile zilizosimama wima mara nyingi zilikusudiwa nafaka kuliko majani. Terere, nderema, seveve na kanzira zote zina nafasi yake, na nderema hasa haidai chochote isipokuwa ua wa kupanda juu yake.

Kupanda kwenyewe kusichukue muda mrefu hapa, kwa kuwa wengi wanajua. Mbegu za saga, terere na managu ni ndogo mno, zichanganywe na mchanga mkavu au majivu yaliyopoa ili zisirundikane, na zifunikwe kwa udongo kidogo sana, sentimita moja au chini yake. Saga isihamishwe, kwa maana mzizi wake mkuu hauvumilii kung'olewa. Isiwe kwenye kitalu, isiwe na haraka, ipandwe pale pale itakapokulia kisha ipunguzwe mpaka kuwe na upana wa shubiri moja kati ya mmea na mmea. Managu huhamishwa bila taabu, nayo iachiwe kama sentimita 30. Samadi iliyoiva, debe moja kwa kila mita mbili za kitanda, inatosha kuanzia. Wanaotaka kujifunza kulima kitanda kwa kina mara mbili, Manor House Agricultural Centre, karibu na Kitale, imekuwa ikifundisha njia hiyo tangu mwaka wa 1984.

Mambo mawili kuhusu uotaji yamewavunja moyo wengi bila sababu. La kwanza, mbegu ya saga iliyovunwa karibuni hulala. Ikipandwa mwezi huo huo itaota kidogo au isiote kabisa, na mkulima ataitupa akidhani imekufa. Iachwe miezi mitatu hadi sita kwanza. La pili, mbegu ya mrenda ina ganda gumu. Ifungwe ndani ya kitambaa chepesi, itumbukizwe kwenye maji yaliyotoka tu kuchemka kwa sekunde kumi, itolewe, ipoe, ipandwe. Sekunde kumi, si dakika kumi.

Sasa mbegu, na hapa hali ya hewa ya Kiminini ina neno lake. Mvua huanza mwishoni mwa Machi na kuendelea hadi Oktoba au Novemba. Mboga iliyopandwa Aprili kwa ajili ya kula itatoa maua Juni au Julai na maganda yake yataiva Agosti kwenye mvua. Maganda ya saga yaliyonyeshewa huota ukungu, matunda ya managu hupasuka na kuoza, kunde huchipuka zikiwa bado zimeshikilia ganda. Ndiyo maana mbegu nyingi za nyumbani huota vibaya. Si mbegu mbaya, ni mbegu iliyovunwa wakati mbaya. Kitanda cha mbegu kipandwe peke yake, kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba, ili maganda yaive Desemba na Januari jua likiwa kali. Mvua ikikatika mapema, makopo machache ya maji jioni yatakivusha. Ni kitanda kidogo, hakitamchosha mtu.

Ukubwa wake unategemea tabia ya mmea. Managu, kunde na mrenda hujichavusha zenyewe kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo mimea kumi iliyochaguliwa inatosha kutunza ukoo, na aina mbili zinaweza kukaa bustani moja bila kuchanganyika sana. Saga na terere hupokea chavua kutoka kwa mimea mingine, kwa wadudu au kwa upepo. Hizo ziachwe zisipungue 20, na zikifika 50 ni bora zaidi, maana ukoo uliotokana na mimea miwili mitatu hudhoofika. Malenge ndiyo yenye taabu kubwa. Nyuki hubeba chavua kutoka shamba hadi shamba, na anayetaka malenge yake yabaki yalivyo itabidi akubaliane na jirani wapande aina moja, au afunge ua la kike kwa uzi jioni kabla halijafunguka na kulipaka chavua asubuhi kwa mkono.

Maganda ya saga hayangoji. Yakikauka kabisa kwenye mmea hupasuka na kumwaga mbegu yote chini, na mtu hukuta maganda matupu. Yakianza kugeuka manjano, yakatwe na vikonyo vyake, yawekwe ndani ya gunia safi au juu ya turubai kivulini, yamalizie kukauka hapo. Miro na kunde zaweza kungoja kidogo zaidi. Matunda ya managu yachumwe yakiwa yameiva hata yamelegea, yapondwe kwa mkono ndani ya bakuli la maji na kuachwa usiku mmoja au miwili. Ute na nyama vitaelea, mbegu nzuri itazama. Maji yamwagwe taratibu, yawekwe mengine, mpaka yawe meupe. Kisha mbegu ianikwe juu ya sahani au karatasi kivulini penye upepo. Jua la mchana juu ya bati ni moto wa kuua mbegu laini kama hizo.

Kuhusu kuhifadhi, wazee walijua wanachofanya walipotundika mbegu juu ya jiko. Moshi ulifukuza wadudu na ukavu ulizuia ukungu. Nyumba nyingi sasa hazina dari la moshi, kwa hiyo chupa ya kioo au mkebe wenye kifuniko kinachobana ndio mbadala, na majivu makavu yaliyochekechwa ndiyo dawa. Kunde hasa zichanganywe na majivu mpaka zionekane zimevaa unga, maana bungua wa kunde huanzia shambani na kumalizia ghalani. Punje ya kunde iliyokauka vizuri ikiumwa hupasuka, haibonyei. Chupa ikae penye giza na ubaridi, si dirishani na si juu ya friji kwenye joto la mashine.

Kabla ya msimu, mbegu ijaribiwe. Punje 100 zipangwe juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani, zifunikwe, ziwekwe mahali penye joto. Baada ya wiki moja au siku kumi zilizoota zihesabiwe. Zikiwa 80, hakuna wasiwasi. Zikiwa 40, mbegu ipandwe mara mbili ya kawaida. Zikiwa chini ya hapo, ndipo mtu anapomkumbuka yule jirani aliyempa mbegu miaka miwili iliyopita na kwenda kumwomba. Hiyo ndiyo sababu ya kugawa mbegu ukiwa nayo, wala si ukarimu peke yake. Anayeweka chupa moja nyumbani kwake na kugawa chupa mbili kwa majirani ana maghala matatu.

Kugawa huko kuliingiwa na hofu kwa miaka kadhaa, na ni vizuri lisemwe wazi. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, pamoja na marekebisho yake ya mwaka wa 2012, ilikuwa na vifungu vilivyofanya kuuza na hata kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa kuwa kosa, na adhabu ilifikia kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi milioni moja. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani mwaka wa 2022. Mnamo Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos iliamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kutunza, kugawana na kubadilishana mbegu zao za kienyeji vinakiuka Katiba. Mama anayempa shemeji yake kikombe cha mbegu ya saga kwenye mkutano wa chama hana sababu ya kuangalia nyuma. Anayekusudia kufunga mbegu kwenye pakiti na kuziuza kama biashara ni suala tofauti, na huyo aende kwanza aulize KEPHIS na afisa wa kilimo wa wadi yake.

Thamani ya vyakula hivi imetambuliwa mbali kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka wa 2021 UNESCO iliingiza kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi, na kazi hiyo, iliyoanza mwaka wa 2007, iliwahusisha pia majirani wa hapa, Waisukha wa Kakamega. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ameweka miaka mingi ya utafiti katika mboga hizi hizi, akionyesha wingi wa madini na vitamini ndani yake wakati ambapo wengi waliziita magugu. Hata hivyo cheti cha UNESCO hakioti. Benki ya taifa ya mbegu ya Muguga ina chumba baridi na kazi yake ni muhimu, lakini mbegu iliyolala kwenye baridi haizoei mvua inayobadilika ya Sikhendu. Inayopandwa kila mwaka ndiyo inayozoea.

Anayeanza bila chochote aanze kwa kuuliza. Apite kwa wazee wa pale kijijini, na aulize mambo matatu: mboga hii mnaiitaje, ilitoka wapi, na mmea gani uliachwa utoe mbegu. La tatu ndilo linaloonyesha kama mwenye mbegu alikuwa akichagua. Soko pia ni mahali pa kuuliza, liwe la Kiminini au Chwele, kwa maana muuzaji wa shada la miro anajua shamba lilikotoka. Vikundi vinaweza kupanga siku moja kila Februari, kabla ya mvua, ya kila mwanachama kuja na kijiko cha mbegu za aina moja na kuondoka na aina nyingine. Magunia ya bustani yanatosha kwa wasio na ardhi, hata wale wa plotini Kiminini mjini, ingawa kwa saga gunia liwe na kina.

Na kila chupa iandikwe, kwa kalamu isiyofutika, kwenye karatasi iliyowekwa ndani pamoja na mbegu na nyingine iliyobandikwa nje: jina la mboga kwa lugha ya aliyeitoa, jina lake yeye na kijiji chake, mwezi na mwaka wa kuvunwa, na rangi ya shina au ya tunda. Ikiwa ni managu, tunda la chungwa au jeusi. Ikiwa ni miro, ganda jembamba au lililovimba. Vitanda vya mbegu vya mwaka huu vinangoja mwisho wa Agosti. Mboga ya kula ipandwe sasa, na utepe mwekundu uwe tayari jikoni kabla ya chumo la kwanza.